"Alarm went off": king'ora kililia au kilizima? Nimepewa barua ya onyo kwa sababu ya neno hili

#1 Lindo la Usiku
Habari zenu wanajukwaa. Nina swali la lugha ambalo limenigharimu. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku katika ghala moja hapa Dar es Salaam, na kitabu chetu cha matukio huandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa wenye mali si wenyeji. Wiki iliyopita umeme ulikatika, king'ora kikabaki kinategemea betri, na ilipofika saa nane na robo usiku betri nayo ikaisha: ile taa nyekundu ya kwenye kisanduku ikafifia, ikapotea. Nikaandika kwa uaminifu wote "Alarm went off at 02:15", nikimaanisha kwamba kimezima, kisha nikawa napita kukagua milango kila baada ya nusu saa hadi alfajiri. Asubuhi msimamizi akasoma kwamba king'ora kililia saa nane na robo na mimi sikumpigia mtu simu, sikuita polisi, wala sikueleza nilichokikuta. Nikapewa barua. Nilipojitetea kwamba "off" ni kuzima, kama inavyosomeka kwenye swichi yoyote, akaniambia nikajifunze lugha. Naomba mnieleze inawezekanaje neno la kuzima likawa na maana ya kulia. Dai langu ni kwamba hicho ni Kiingereza cha mitaani cha Wamarekani kilichozuka juzijuzi, na hakistahili kutumika kumwadhibu mtu.

#2 Mwalimu wa Chaki
Pole sana, kijana wangu. Nimefundisha Kiingereza miaka 31 na nitakuunga mkono katika mengi, lakini si katika dai lako la mwisho. Vitenzi hivi vya maneno mawili si vya mitaani wala si vya juzi. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake mjini London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba mtindo huu wa kubadilisha maana ya kitenzi kwa kukibandikia kijineno nyuma ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, na katika mifano yake mna "come off", "fall off", "break off" na "take off". Hata jina "phrasal verb" lina umri wa kutosha, kwa maana Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akisema amependekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Kuhusu king'ora, msimamizi wako ameisoma sentensi kama Mwingereza yeyote angeisoma. "The alarm went off" ni king'ora kililia. "The lights went off" ni taa zilizimika. Kitenzi ni kilekile, wakati ni uleule, na maana zimepeana mgongo.

#3 Chachandu
Kumbe tangu 1755 wanajua kwamba wanatutesa na hawajarekebisha. Shikamoo Mwalimu.

#4 Fundi Kamani
Marahaba kwa niaba ya Mwalimu, maana na mimi nina mvi. Mimi si mtu wa vitabu, ila nimefungua saa nyingi, na nadhani jibu la Lindo limo ndani ya saa.

Chukua saa ya mezani ya kutia ufunguo, ile yenye kengele mbili kichwani. Ina kamani mbili, moja ya kuendesha mishale na nyingine ya kengele peke yake. Ukishatia ufunguo, kamani ya kengele imejaa nguvu lakini haiendi popote, kwa sababu mkono wa nyundo umezuiwa na kipande chembamba cha bati. Nyuma ya uso wa saa kuna gurudumu lenye pengo. Saa uliyoitegesha ikifika, pengo hukutana na kijino, gurudumu linaruka kiasi cha unene wa ukucha tu, lile bati linaachia, na nyundo inapiga mpaka kamani iishe. Hakuna kitu kilichowashwa pale. Kuna kitu kilichokuwa kimezuiwa, kikaachiwa. Mtego wa panya hufanya hivyohivyo, na bunduki ya gumegume pia, ambayo jiwe lake hushikwa na mtambo uliovutwa nyuma mpaka kidole kiuachie. Waingereza wana msemo wa mtu anayeropoka kabla hajajiandaa kwamba "amekwenda off" akiwa ametegwa nusu, na msemo huo ni wa bunduki za namna hiyo.

Sisi tuna neno la kazi hiyo na halina utata wowote: kufyatuka. Mtego umefyatuka, bunduki imefyatuka. King'ora chako, Lindo, kwa Kiingereza chao kilifyatuka. "Off" hapo ni kutoka kwenye kizuizi.

#5 Chachandu
Fundi, nakushukuru kwa somo, lakini umenifungulia jambo jingine. Kwa hiyo anayeitwa mume gumegume ni yule ambaye siku ya vita hafyatuki?

#6 Fundi Kamani
Gumegume likinyeshewa mvua, baruti ya kwenye kisahani inalowa na halifyatuki. Mengine waulize wake zao.

#7 Muuguzi Ughaibuni
Naomba niwarudishe kwenye mada. Natokea Kisumu na ninafanya kazi katika wodi ya wazee nchini Uingereza. Mwezi wangu wa kwanza, bibi mmoja alikataa uji wa asubuhi, na binti yake akaniambia, "She's gone off her food." Nikaichukua bakuli, nikainusa. Uji ulikuwa mzima, umepikwa muda si mrefu, nami nikamhakikishia binti kwa adabu kwamba chakula hakijaharibika. Alinitazama kwa muda mrefu. Maana yake ilikuwa kwamba mama amepoteza hamu ya kula, na hiyo ilikuwa dalili ya kuripoti kwa daktari, nami niliipokea kama malalamiko ya jikoni.

Baadaye nikakabidhiwa zamu na kuambiwa kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne yuko "off legs". Nakiri kwamba nilifunua blanketi kuhakikisha miguu ipo. Ilikuwapo yote miwili. Wanasema hivyo kwa mzee ambaye ghafla hawezi tena kusimama wala kutembea na sababu yake bado inatafutwa.

Kwa hiyo, Fundi, kufyatuka kwako hakuwezi kumweleza bibi yangu, kwa sababu hakuna kizuizi kilichoachiwa. Nionavyo mimi, "off" ni kubanduka. Bibi amebanduka kwenye chakula, mzee amebanduka kwenye miguu yake, na taa imebanduka kwenye umeme.

#8 Lindo la Usiku
Dada Muuguzi, hiyo ya kubanduka inanitetea mimi. King'ora changu kilibanduka kwenye betri.

#9 Kisomo
Mmesema vizuri wote wawili, lakini mnaangalia "off" na kukisahau kitenzi chenyewe. Mwaka 1974 mwanaisimu Eve Clark alichapisha makala katika jarida la Language akionyesha kwamba Kiingereza hutumia "go" pale kitu kinapoiacha hali yake ya kawaida, na "come" pale kinapoirudia. Mtu akipata wazimu, "goes mad". Akifilisika, "goes bankrupt". Aliyezimia akizinduka, "comes to". Ukilitazama suala la Lindo kwa jicho hilo, ukinzani unapungua sana: hali ya kawaida ya taa usiku ni kuwaka, kwa hiyo ikienda inazimika, na hali ya kawaida ya king'ora ni kukaa kimya, kwa hiyo kikienda kinalia. Maziwa huiacha hali yake nzuri, yakachacha. Kitenzi hakielezi kitu kimefanya nini, kinaeleza tu kwamba kimetoka pale tulipokizoea, na msikilizaji anayekijua kitu hicho anajaza mwenyewe.

Linganisheni na sisi. Mwingereza huuendea wazimu kwa miguu yake, lakini Mswahili huingiwa na wazimu, hushikwa na usingizi, hupatwa na umaskini. Sisi tumekaa, mambo ndiyo yanayotujia.

#10 Zege la Saba
Nilikuwa nasoma kimya, lakini Kisomo amenigusa mahali pangu. Nilifanya ujenzi Muscat miaka sita chini ya msimamizi Mwingereza. Siku moja tumemaliza kupiga lipu ukuta wa ngazi, akatuambia tusiuguse mpaka "it goes off". Tulikuwa watu watano, na kila mmoja alisubiri kitu chake. Mimi nilidhani anaongelea ile feni kubwa ya kukaushia na nikakaa nikiitazama. Mwenzangu mmoja alikwenda kusimama karibu na mashine ya kuchanganyia, akingoja izimwe. Ilipita saa nzima ndipo msimamizi akaja, akaugusa ukuta kwa kidole gumba, akatuuliza mbona tumekaa na lipu imeshashika.

Kwa mafundi wa Uingereza, lipu, zege au gundi ikishika, "imekwenda off". Sasa, Kisomo, ukuta ulioshika ndio ukuta tuliotaka. Haujaiacha hali yake nzuri, ndiyo kwanza umeifikia. Na Fundi Kamani, lipu haifyatuki. Na Dada Muuguzi, ikibanduka hulipwi.

#11 Kisomo
Zege la Saba, umenibana. Ningeweza kusema kwamba majimaji yameiacha hali yake ya umajimaji, lakini nikisema hivyo nadharia itaeleza kila kitu duniani, na inayoeleza kila kitu haina kazi. Wacha nikae nayo.

#12 Chachandu
Na kuna sherehe. Wao husema shughuli "went off well", yaani imefana. Harusi haijaacha ukawaida wowote, labda kwa bwana harusi.

Halafu kuhusu maziwa. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu aliyeko Chicago kwamba sikunywa chai kwa sababu "the milk went off". Akaniuliza kama kuna mtu aliyeumia. Kumbe Wamarekani wengi husema maziwa "went bad" au "spoiled", na hii ya "off" ni ya Uingereza na waliosomeshwa naye, tukiwemo sisi. Kwa hiyo Lindo aliyewasingizia Wamarekani mitaa yao awaombe radhi.

#13 Mkalimani wa Bukavu
Nawasalimu kutoka Texas, ninakowakalimania wakimbizi wanaotoka kwetu Kivu. Nyongeza yangu ni fupi, ila ilinitia aibu. Mama mmoja alilalamika kuhusu jirani yake Mmarekani, na mwenye nyumba akaeleza kwamba jirani "went off on her". Mimi nikatafsiri kwamba jirani aliondoka, akamwacha. Mama akasema hapana, angeondoka ningeshukuru, alisimama mlangoni kwangu akanitukana mpaka mate yakaniruka. Huko, "kwenda off" juu ya mtu ni kumfokea bila breki. Na vijana wa hapa wakimwona mtu anacheza vizuri mno humwambia "go off!", yaani endelea, umetisha. Kwa hiyo maneno yaleyale mawili yanafukuza, yanatukana na yanasifu.

Kwa upande wangu, kufokea kunamuunga mkono Fundi Kamani. Yule jirani alikuwa ametegwa siku nyingi.

#14 Mtoto wa Ngamiani
Nadhani mnatafuta mzizi mmoja ambao haupo. Kwetu "paa" ni la nyumba, ni mnyama wa porini, na ni kitenzi cha kupanda angani, na hakuna anayekesha akitafuta uhusiano. "Panda" ni mbegu, mlima na njia ya barabara. Kwa nini "go off" isiwe mikondo miwili iliyokutana? Ule wa bunduki na mtego ni wa kale, na "off" yake ni mwendo. Wa taa ulikuja na mabomba, gesi na umeme, vitu vyenye koki na swichi, ambako "off" si mwendo bali ni hali, jirani wa "on". Lindo amezaliwa katika zama za swichi, kwa hiyo akasoma mkondo wa pili. King'ora kimezaliwa katika mkondo wa kwanza.

#15 Mwalimu wa Chaki
Mtoto wa Ngamiani, nimeipenda hiyo kuliko zote, ila mfano wako wa "paa" hausimami. Hayo ni maneno mbalimbali yaliyofanana sura. "Off" ni neno moja tangu zamani, tena "off" na "of" zilikuwa kitu kimoja: ilipotamkwa kwa mkazo ikawa "off", ilipotamkwa bila mkazo ikawa "of", na maandishi hayakuzitenganisha kikamilifu mpaka karne ya 17. Mikondo unayoisema inawezekana kabisa ipo, lakini imetoka kwenye chemchemi ileile.

Na tusiwacheke Waingereza kupita kiasi. Nikisema "nimeazima jembe", je, nimepewa au nimetoa?

#16 Chachandu
Inategemea jembe liko kwa nani sasa hivi.

#17 Mwanagenzi wa Kakamega
Mwalimu, sentensi ya jembe inatatuliwa na kitenzi chenyewe. "Nimemwazima Juma jembe" nimetoa, "nimeazima jembe kwa Juma" nimepokea. Lugha yetu hupachika alama ndani ya kitenzi. Tunatega mtego na kuutegua, tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, na anayesikia silabi moja tu ya mwisho anajua upande gani. Kiingereza kimeacha kazi hiyo kwa nomino: taa, king'ora, maziwa, lipu, bibi. Ndiyo sababu watahiniwa wangu wa kidato cha nne huumia katika sehemu ya sarufi ya KCSE, wanapoambiwa waweke kitenzi cha namna hii mahali pa neno lililopigiwa mstari. Wanakariri orodha ya "go off", "go on", "go over", na orodha haiwaambii kwamba lazima kwanza wajue bomu ni kitu gani.

#18 Fundi Kamani
Nakubali kushindwa na lipu, ila si na mengine yote. Hata kufyatua kwetu kumesafiri. Tunafyatua matofali, na hakuna bunduki pale: udongo umebanwa ndani ya kalibu, ukiachiwa unatoka tofali. Neno la kuachia kilichobanwa limekuwa neno la kutengeneza. Basi sioni ajabu la Mwingereza kutoka kwenye mtego akafika kwenye ukuta, ingawa njia aliyopita siijui.

#19 Zege la Saba
Fundi, kwa tofali umenishawishi nusu. Nusu nyingine bado haijashika.

#20 Muuguzi Ughaibuni
Wakati mnafyatua matofali, Lindo bado ana barua ya onyo mkononi. Ushauri wangu kwake ni wa kikazi. Sisi wodini tulikatazwa kuandika "off legs" katika maelezo rasmi, tunatakiwa kuandika alichoshindwa kukifanya mgonjwa. Andika "sounded" kikilia, andika "lost power" umeme ukiisha, na hutaulizwa na mtu. Lakini pia namlaumu msimamizi. King'ora cha ghala kikilia saa nane usiku mtaa mzima huamka. Je, aliuliza jirani hata mmoja?

#21 Mkalimani wa Bukavu
Naafiki. Nilipokosea kwa yule mama, kilichoniokoa ni yeye kusema hapana. Karatasi haisemi hapana.

#22 Lindo la Usiku
Nawashukuru wote, na Wamarekani nimewaomba radhi kimoyomoyo. Bado sijajua nimshike Fundi, Kisomo au Mtoto wa Ngamiani, ila maneno ya Mwanagenzi kuhusu nomino yamenifanya niurudie ule ukurasa. Leo jioni kabla ya kuingia zamu nimeufungua na kuusoma mstari kwa mstari. Juu ya mstari wangu, kwa mwandiko wa mwenzangu wa geti la pili, umeme ulipokatika, imeandikwa "Security lights went off at 01:40". Pembeni msimamizi ametia tiki kwa kalamu ya kijani. Mstari wa chini yake ni wangu, "Alarm went off at 02:15", nao umezungushiwa duara jekundu. Nimeupiga picha ukurasa mzima. Kesho saa nne asubuhi nimeitwa ofisini, na nitaomba aniwekee mistari yote miwili kwa Kiswahili, kwa mkono wake, mmoja chini ya mwingine.

#23 Chachandu
Utuletee mrejesho. Na ukimwona anaanza "kwenda off", rudi nyuma hatua mbili.